Nilivyoungama Wizi wa Tangi

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana nikiwaachia nyinyi mtanicheka vibaya. Watu wa Nakuru wa rika langu wanaijua habari hii, na wengine wanaisimulia wakiongeza chumvi (kuna mmoja anasema nilipiga magoti mbele ya mbwa wa mzungu, si kweli, nilikuwa nimechuchumaa tu), kwa hiyo bora muisikie kutoka kwangu mimi Hezroni, mwenye aibu yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni bado haijaondolewa, nami nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ngano karibu na stesheni, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na pikipiki. Kalamu mbili za nini, msiniulize. Pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, ya kabla ya vita, niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa tangi la mafuta, ambalo kutu ilikuwa imelila upande wa chini mpaka petroli inadondoka tone tone juu ya mapaja yangu nikiendesha. Dawa tuliyoijua siku zile ni sabuni. Unachukua kipande cha sabuni ya mche, unakisugua kwenye ufa mpaka ufa unaziba, na petroli hata ikae mwezi mzima haiwezi kuiyeyusha hiyo sabuni. Mvua inaweza.

Hilo la mvua nililijua siku niliyokwenda mara ya kwanza kwa Mzee Elifasi. Huyu Mzee Elifasi alikuwa nyapara kwenye shamba moja la ngano upande wa Njoro, na tena alikuwa mzee wa ndugu waliookoka, mtu mwenye sauti ndogo ambayo watu wazima walinyamaza kuisikiliza, na juu ya hayo yote alikuwa baba yake Tabitha. Tabitha niliyemwona akiimba kwenye mkutano mmoja tu nikarudi nyumbani nikiwa sijui nilikula nini siku hiyo. Basi nikavaa suruali yangu ya kijivu, nikawasha pikipiki, nikaenda kujieleza kwa baba yake kama mwanamume, na mvua ya Njoro (mnaijua haina adabu) ikanikuta njiani. Nilipofika na kushuka, sabuni ilikuwa imelainika imekuwa mapovu, mapovu meupe kutoka kiunoni mpaka magotini, na chini ya mapovu petroli.

Mzee Elifasi alitoka, akanitazama, akatazama pikipiki. "Kijana," akasema polepole, "kwenu mnaogea juu ya kiti?"

Mama Tabitha, kwa kuwa nilikuwa nanuka petroli na ndani kulikuwa na moto, hakuniruhusu kupita mlangoni. Nikawekewa kigoda nje ya kizingiti, wao wakakaa ndani kando ya jiko, na mambo yote ya moyo wangu nikayasema kwa sauti ya juu kuwashinda mbuzi. Tabitha aliniletea chai akiwa amenyoosha mkono wote ili asinikaribie, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka, ingawa wakati ule nilijiambia ni haya ya kike.

Mzee hakunikataa. Alisema ukija tena, njoo mkavu, tukae ndani tuongee vizuri. Akasema pia jambo la pili, kwamba binti yake hatampa mtu ambaye haishi nuruni. Kwa ndugu waliookoka kuishi nuruni maana yake ni hivi: ukikosa, unasimama mbele ya wenzako unasema kosa lako, bila kona, na kama ulichukua kitu cha mtu unakirudisha kwa mkono wako. Walikuwa hawatanii. Nilimwona kwa macho yangu mpishi akitembea mchana kweupe na vijiko vya memsahibu wake wa zamani, anavirudisha, na memsahibu mwenyewe alikuwa hajui kama vilipotea. Na ukishaungama, mtu mmoja anaanzisha wimbo wa sifa, wote wanaupokea, wanakukumbatia, na jambo limekwisha. Mimi nilikuwa ndugu, ndiyo, lakini nilikuwa sijawahi kuungama kitu cha maana. Niliwahi kuungama hasira. Nilipigiwa wimbo wa ubeti mmoja.

Sasa ningeweza kwenda kwa Mzee Elifasi kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima, nikafika mkavu, hilo nimelifikiria mara nyingi tangu siku zile. Lakini mtu akishafika kwa wakwe na pikipiki hawezi kurudi na baiskeli, watauliza imekwenda wapi. Kwa hiyo nikaanza kutafuta tangi.

Nilianza kwa fundi Kalasinga nyuma ya bazaa, akalipima tangi langu kwa vidole, akaguna, akasema pikipiki za aina hii anazijua zilikuwa tatu na mbili zimekufa. Nikaenda Gilgil, kulikuwa na chuma chakavu cha jeshi nje ya kambi, nikapekua siku nzima nikarudi na taa ya mbele ambayo sikuihitaji. Nikasikia kuna tangi Mau Narok, nikapanda huko kwa lori la viazi, na kweli lilikuwepo, la aina yangu hasa, ila lilikuwa limekatwa katikati kwa msumeno na kuku walikuwa wanalinywea maji. Mwenye kuku alinihurumia mpaka akanipa mayai.

Nilimwuliza kila mtu, akiwemo Yona. Yona alikuwa mtu wa bustani kwa bwana mmoja kule Milimani, ndugu mwenzangu tuliyezoea kukaa benchi moja kanisani, mpole, mikono mikubwa, mtu wa kutikisa kichwa kabla ya kujibu. Nilikuwa namweleza kila kitu: tangi, mapovu, Tabitha, suruali, yeye anasikiliza tu. "Nitaangalia, ndugu," alikuwa anasema. Akaangalia kwa miezi miwili.

Halafu Alhamisi moja akaja ghalani na gunia begani, akalitua kwenye mizani yangu bila salamu, na ndani yake kulikuwa na tangi. La aina yangu, zima, bila kutu, limepakwa rangi nyeusi mbichi ambayo bado inashika vidole. Nilitaka kumpa chochote, akakataa. Nikataka kumkumbatia, akarudi nyuma.

"Chukua tu," akasema, anaangalia chini. "Lakini usiniulize mambo mengi, Hezroni. Tafadhali."

Nikasikia kabisa moyoni mwangu sauti ikisema, muulize. Nikaiambia inyamaze. Kama ningeuliza neno moja tu, limetoka wapi, nisingekuwa hapa nawasimulia, lakini nilikuwa nimeshaona koki yake inaingia sawasawa na yangu. Usiku huo nililifunga, na nikiwa chini ya pikipiki nikaona, mahali rangi ilipokosa kufika, herufi za jina la mzungu zimekwaruzwa kwenye chuma. Nikachukua rangi ya viatu nikazifunika. Hivyo ndivyo karani mwenye kalamu mbili alivyoamua kwamba rafiki yake ni mwizi na kwamba jambo hilo halimhusu.

Jumapili iliyofuata ulikuwa mkutano mkubwa, ndugu wametoka Njoro, Elburgon, kila upande, kanisa letu la mabati karibu na landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, limejaa mpaka madirishani. Mzee Elifasi alikuwa amenitumia neno kwamba baada ya mkutano atanipa jibu lake. Nilifika na pikipiki inang'aa, suruali kavu kama karatasi, nikaiegesha mahali Tabitha hawezi kuingia bila kuiona. Aliiona. Akapita.

Ushuhuda ukaanza. Mama mmoja akaungama ugomvi wa kuni, mzee mmoja akaungama ugoro, nyimbo zinapanda, machozi, mnajua mambo ya mkutano. Halafu nyuma yangu benchi likalia, na Yona akasimama. Alikuwa analia kabla ya kusema. Akatembea mpaka mbele, akageuka, na katika watu wote wale akanitazama mimi.

"Ndugu zangu," akasema, "kuna neno kati yangu na ndugu Hezroni. Ni juu ya tangi lile..."

Hapa niwaeleze kilichotokea kichwani mwangu, na kilitokea upesi kuliko ninavyosema. Niliona Yona ataungama wizi, mimi nitakaa pale kama mpokea mali ya wizi aliyengoja kushikwa, na Mzee Elifasi amekaa hatua nne kutoka kwangu akiwa na jibu lake mfukoni. Lakini nikimtangulia! Nikimtangulia, mimi ndiye mvunjika moyo, yaani mwenye kutubu, yeye ndiye mwizi. Nikaruka benchi. Kweli niliruka, nikakanyaga kofia ya mtu.

"Bwana asifiwe!" nikapaaza sauti. "Ngoja, ndugu Yona, nianze mimi, mimi ndiye mbaya! Tangi lile ni la wizi! Limeibwa kwa mzungu Milimani, nami nilijua, nimeona jina lake, nimelifunika kwa rangi ya viatu! Nimeendesha juu ya dhambi, ndugu zangu, tangu Alhamisi!"

Oho, kanisa lililipuka. Wimbo wangu haukuwa wa ubeti mmoja leo, niliimbiwa wote na kiitikio mara tatu, wamama wanapiga vigelegele, watu wananikumbatia, na Mzee Elifasi mwenyewe akanishika mabega kwa mikono miwili, macho yana maji, akasema, "Sasa ninakuona, mwanangu." Mwanangu! Nilitazama upande wa kina mama, na Tabitha alikuwa ananiangalia mimi, mimi hasa, bila kucheka. Naapa sijawahi kuwa na furaha kama ile, na iliishi kama dakika nne.

Yona alikuwa bado amesimama mbele, mdomo wazi. "Wazee, nisikizeni, hiyo tangi sikuiba. Nilipewa."

"Usijitetee, ndugu," Mzee Elifasi akamwambia kwa upole. "Mwenzako ameshavunjika. Vunjika na wewe."

"Lakini mzee, mimi nilipewa..."

"Yona," nikasema (ndiyo, mimi, nikamshika na mkono kabisa), "uje nuruni, ndugu yangu."

Nilifikiri jambo limeishia hapo. Nilikuwa nimesahau sehemu ya vijiko. Mzee Elifasi akainua mkono, kanisa likanyamaza, akasema, "Basi twende tukarudishe." Si kesho, sasa hivi. Wanaume wakatoka nje, mmoja wao alikuwa fundi wa reli mwenye spana mfukoni hata Jumapili, na mbele ya macho yangu wakafungua tangi. Lilikuwa na petroli ya mshahara wa mwezi ule. Mtu akauliza imwagwe wapi, mwingine akaleta chombo kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa sufuria ya chai ya mkutano. (Wamama wale hawakunisalimia mpaka mwaka uliofuata.) Pikipiki yangu ikabaki na kiti na shimo.

Tukapanda Milimani kwa miguu, mimi mbele nimelibeba tangi kifuani, Yona kando yangu, wazee nyuma, kwaya nyuma ya wazee, na Tabitha ndani ya kwaya. Tulikuwa tunaimba. Siku zile kundi kama lile barabarani bila barua ya ruhusa halikuwa jambo la kuimbia, na kabla hatujafika nusu ya njia askari wawili wakatusimamisha.

"Nyinyi, mnaandamana kwenda wapi?"

"Tunarudisha mali ya wizi, afande," nikasema, na mpaka hapo bado nilikuwa najisikia vizuri.

"Nani aliiba?"

Sikumtaja Yona, hilo mnipe. Lakini nilimtazama. Askari akafuata macho yangu, akamshika Yona kwenye kiwiko, na kuanzia hapo tukaenda bila kuimba. Yona hakusema tena kwamba alipewa. Alitembea tu, na ndipo nikaanza kuogopa, maana siku zile mtu akishaingia kituoni hujui atatokea mlango gani. Nilitaka kusema neno. Nikafikiri, nikisema sasa Mzee ataona nayumba.

Bwana wa Milimani alikuwa anakula chakula cha mchana verandani na wageni. Aliona kanisa zima linaingia kwenye bustani yake likiongozwa na tangi, akasimama na kitambaa shingoni, mbwa wakaanza kubweka (hapo ndipo nilipochuchumaa). Nikaliweka tangi kwenye ngazi nikasema tumeleta mali yake iliyoibwa. Akaliangalia. Akamwangalia Yona, akamwangalia askari aliyemshika.

"Nini hii mambo?" akafoka. "Hii takataka yangu ya zamani! Mimi nasema Yona ondoa hii kitu kwa stoo, wewe chukua, yako, kwisha! Miezi mbili sasa! Kwa nini leta tena?"

Askari akamwachia Yona kiwiko. Nyuma yangu nilisikia watu wanavuta pumzi. Nikataka ardhi inimeze na tangi lake, lakini Mzee Elifasi alikuwa ameshika neno moja ambalo mimi, kwa aibu, nilikuwa sijalisikia.

"Miezi miwili?" akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Yona, na mwenzako anatafuta hii tangi mpaka Mau Narok?"

Yona akafuta uso kwa mkono. Hakumtazama mzee, wala bwana, wala mimi.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusema kanisani," akasema. "Tangi nilikuwa nayo. Nililiweka chini ya kitanda. Kila siku Hezroni ananiuliza, na mimi nasema nitaangalia, na kumbe ninalala juu yake. Nilijua akipata atakuja kwako mzee, utamweka ndani, utamkubali. Na mimi nampenda Tabitha. Nimempenda kabla Hezroni hajamwona. Sikusema kwa mtu, mimi ni mtu wa bustani, nitasema nini? Nikaweka wivu. Halafu wivu ikanishinda kubeba, nikalipaka rangi nikampelekea, nikasema Jumapili nitamwomba msamaha mbele ya watu. Basi. Ni hiyo tu."

Bwana akakaa chini, memsahibu akamwuliza kitu kwa Kiingereza, naye akainua mabega. Kwa desturi yetu mtu alipaswa kuanzisha wimbo, lakini nani angeanzisha? Wazee walitazama viatu. Msichana anatajwa mbele ya baba yake, na mzungu na askari wapo, hakuna aliyejua kama huo ni wimbo au ni kesi. Nami niliyekuwa na sauti kubwa asubuhi yote nilikuwa nalitazama tangi.

Tabitha akaanzisha. Peke yake, kutoka nyuma, akaimba mstari wote wa kwanza bila mtu kumpokea, na sauti yake haikutetemeka. Kila aliyekuwepo alielewa, hata mimi. Mama yake akapokea, kisha kwaya, kisha Mzee Elifasi akamkumbatia Yona, na mimi nikaimba pia kwa sababu kila mtu alikuwa anaimba. Iliniuma, nisiwadanganye. Iliniuma zaidi kwa kuwa nilijua ni haki. Yeye alikuwa amesema kosa lake likiwa na ukubwa wake ule ule, na mimi nilikuwa nimesimama na kosa la mtu mwingine nikalipigia kelele liwe langu.

Mzee Elifasi alinipa jibu lake pale pale bustanini, kama alivyoahidi. Aliliokota tangi kwenye ngazi, akaniwekea mikononi.

"Chukua, ndugu, ni lako," akasema. Hakusema mwanangu.

Nilikwenda kumwomba Yona msamaha jioni ile ile kwa kumwita mwizi mbele ya watu. Akanisamehe hata sijamaliza sentensi, akanipa chai, jambo ambalo lilinikera wiki nzima. Yona na Tabitha walioana baada ya mavuno ya ngano. Kutoka nyumbani mpaka kanisani ni mbali na bibi harusi hawezi kutembea na gauni, kwa hiyo wakauliza kama kuna mtu anaweza kusaidia usafiri, na katika jamaa zetu wote pikipiki ilikuwa moja. Nikampakia Tabitha nyuma yangu, amenishika kiunoni kwa mkono mmoja na shela kwa mwingine, nikaendesha polepole nisimrushie vumbi, watu wanashangilia kando ya barabara wakidhani bwana harusi ni mimi. Kwenye mlango wa kanisa nikazima injini, akashuka, akasema "Asante, kaka," akaingia.

Tangu hapo nimekaa kwenye mikutano mingi. Mtu akisimama kuungama, hata akinitaja jina langu na la baba yangu, hata akinyoosha kidole, mimi nashika benchi kwa mikono miwili, nafunga mdomo, na namwacha amalize.